Tangazo Lililokatika Kabla ya Jina

Kwa miaka mingi nilisoma matangazo ya vifo kwenye redio ndogo ya Kilosa, katika nyumba ya kupanga kule Mabwerebwere ambayo tuliiita studio. Watu huniuliza kama nilikuwa nalia. Mwanzoni nililia kidogo. Baadaye koo lilizoea, kama mkono wa mpika chapati unavyozoea moto.

Matangazo yetu yalikuwa na mpangilio wake. Unaanza na wafiwa: ukoo, kijiji, kisha ndugu popote walipo. Jina la marehemu linakuja mwisho. Wageni kutoka Dar walituambia tunapoteza muda, lakini wasikilizaji wetu walitaka hivyo. Mtu akisikia ukoo wake anaweka jembe chini, anaita wenzake, anakaa. Jina linamkuta ameshakaa.

Malalamiko yalitoka Mikumi. Marubani wa ndege ndogo zinazoleta watalii walisema wakikaribia kutua wananisikia mimi. Mtambo wetu, walidai, unavuja: unarusha kwenye masafa tuliyopewa, lakini sauti nyingine inamwagikia kwenye masafa ya ndege. Meneja wetu aliuliza kama mtambo ni ndoo. Alikuwa na leseni, masafa yake yameandikwa humo, na habari za masafa ya wengine hakutaka kuzisikia. Watu wa anga walitaka tuzimwe mara moja. Meneja akajibu kwamba redio ya wakulima inaonewa kwa ajili ya watalii. Watu wa masafa, ambao ndio huzigawia redio na ndege masafa yao, walisema watakuja kupima, wakakawia.

Tuliitwa kikao Mikumi. Rubani mmoja, mtu mpole, alieleza kwamba kabla ya kutua humuuliza mtu wa kiwanjani kama wanyama wameondolewa kwenye barabara ya kurukia ndege. Siku moja aliuliza, na jibu lililomfikia masikioni lilikuwa mimi nikiwataja wafiwa wa Kimamba. Akaipandisha ndege, akazunguka. Alipotazama chini aliwaona nyati wametulia palepale alipotaka kukanyaga.

"Dada, una sauti nzuri," aliniambia, "lakini naogopa nisije nikawa tangazo lako linalofuata."

Watu wakacheka. Mimi nilimwamini, na nilikasirika kwamba nimemwamini. Njiani kurudi meneja alisema ni uzushi mtupu.

Masika yale mama mkubwa akafariki. Yeye na mama yangu walizaliwa Vidunda, mlimani, na walikuwa wamebaki wao wawili tu. Mama mkubwa aliolewa Kimamba enzi za mkonge. Mama alibaki kule juu na shamba lake. Simu za Vidunda hushika mtandao zinapotaka zenyewe, na siku hiyo simu ya jirani tunayompigia mama haikupatikana kabisa. Redio yetu ndiyo iliyokuwa ikimfikia vizuri. Tukapanga nitangaze asubuhi na mazishi yawe kesho yake mchana, ili mama akisikia apate kushuka kwa miguu na kumwona dada yake kabla hajafukiwa. Hakukuwa na njia nyingine ya kumfikia. Mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani, bodaboda wote niliowabembeleza walikataa kupanda, na wa kupanda kwa miguu asingewahi kurudi naye.

Watu wa masafa walichagua asubuhi ileile. Ofisa wao, mdogo kwangu kwa umri, aliingia studio akaniamkia, "Shikamoo mama," nikamwitikia. Akasema wamepima, mtambo unavuja kweli, ndege ziko njiani, na wenzake wako kilimani kwenye mtambo wanauzima. Nikamwomba dakika moja tu, nina msiba wa nyumbani. Alinionea huruma. Akatoka nje kuwapigia simu wenzake, nami nikaanza kusoma.

Nilisoma kama ninavyosoma siku zote. Nikataja ukoo wetu wa Vidunda. Nikataja ndugu wa Kimamba na wa Mikumi. Nikasema wanasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, na hapo taa nyekundu mbele yangu, ya kuonyesha tuko hewani, ikazimika.

Ofisa alirudi na simu mkononi, akasema hawakupokea. Nikamalizia tangazo kwenye maiki isiyokwenda popote, sijui kwa nini. Niliwaza kwamba ningeanza na jina, lingefika. Niliwaza hivyo nikiwa nimetulia kabisa.

Kesho yake tulimsubiri mama mpaka wazee wakasema inatosha. Tukamzika mama mkubwa bila yeye. Wenzangu walilia. Mimi niliona udongo unashuka, nikaona viatu vyangu vimechafuka, basi.

Mvua ilipopungua nilipanda Vidunda kwa miguu. Nilimkuta mama amekaa mkekani kwake, kanga kichwani, majirani wamemzunguka, redio imewashwa na inakoroma tu. Walikuwa wamekaa matanga ya mtu wasiyemjua. Niliwaamkia.

"Mdogo wako mmemzika wapi?" mama aliniuliza.

Mdogo wangu anaendesha lori kwenye barabara kuu inayopita Mikumi, na alikuwa mzima, kazini kwake. Nikamwambia mama hivyo. Nikamwambia aliyefariki ni dada yake.

"Afadhali," mama alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Wanawake wote waliinamisha vichwa. Akajiziba mdomo kwa kanga, akaanza kulia, na sikujua anamlilia dada yake au analililia lile neno.

Alipotulia akanieleza. Alisikia ukoo wetu, akakaa. Akasikia sauti yangu inakatika palepale penye jina. Alijua dada yake anaumwa, na alijua jina hilo ningeweza kulitamka.

"Nikasema mwanangu amezidiwa," alisema. "Kilio kimemkaba. Basi ni mdogo wake huyo."

Ningeweza kumwachia hivyo. Nikamweleza habari ya watu wa masafa, ndege za Mikumi, na mtambo uliozimwa.

"Kwa hiyo hukulia?" aliniuliza.

"Sikulia, mama."

"Wasingeuzima, ungelisoma jina la dada yangu, uendelee na tangazo la mwingine?"

"Ningesoma."

Mama aliizima redio, akaniambia niingie ndani nibadili nguo, zimelowa.

Baadaye mtambo ulifungiwa kifaa cha kuzuia ule uvujaji, marubani wakaridhika, meneja akajisifu kwamba tumeshinda. Nikarudi hewani, mpangilio uleule, sauti ileile. Majirani wa mama wananiambia siku hizi akitaka kujua nani amefariki huenda kusikiliza kwao, na sauti yangu ikianza, hutoka nje mpaka wamwite na kumtajia jina la marehemu.