Majani ya Safari ya Kurudi

Nisikilize kidogo, rafiki. Juzi pale Chaka nilimwona msichana akimlisha kondoo majani ya viazi vitamu, nikakumbuka harufu ya gari letu Krismasi moja nilipokuwa mdogo.

Kondoo wangu, Pamba, alilala miguuni mwangu. "Tunaenda naye kwa Cucu kule Timau," baba aliniambia, akimaanisha nyanya yangu. Nilifunga majani mengine ya safari ya kurudi. Leo najua wote garini walijua.

Alasiri Cucu alinipa figo, fungu la wasichana kwa desturi yetu. Nililimaliza, nikalamba vidole, nikachukua majani yangu.

"Pamba amefungwa wapi?"

"Ati Pamba?" mjomba alisema. "Si uko naye hapo tumboni!"

Baba ndiye aliyecheka zaidi.

Mtoto akimlisha mnyama wa kuchinjwa, mwambie kabla hajampa jina.