Modest Hakutaka Kutoka Darasani

Miaka ile ya Mwingereza nilinunua nta na asali kwenye vijiji vya Sikonge, nikauza Tabora mjini. Ndivyo nilivyomjua Modest, mwalimu wa kijiji kimoja huko. Aliandika kwa mkono wa kushoto, na kabla ya kugusa ubao alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Masika moja homa ikamchukua.

Siku ya kuondoa matanga wazee walimvika mdogo wake, Anton mchonga mizinga ya nyuki, koti la marehemu, wakamwita Modest. Desturi ya kule ni hiyo: ukirithi jina, umekuwa mwenyewe. Mama yake akamwita Modest, jirani nao hivyo hivyo. Jumatatu yake akaingia darasani kufundisha.

"Wewe Anton," nikamwambia tukipima nta, "jina na koti umerithi, sawa. Darasa la nane utalirithije? Na chuo cha ualimu? Si uliishia la nne?"

"Anton ndiye aliyeishia la nne. Mimi nina cheti."

Nikacheka peke yangu. Akakohoa kidogo, akaandika uzito wa nta kwa mkono wa kushoto. Na Anton huyu shoka amelishika kwa mkono wa kulia tangu utotoni! Siku ile nililipa bei aliyotaja, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Mkaguzi anakuja," akasema. "Akinitoa darasani, kaka yangu atakaa wapi?"

Mkaguzi huyo, Bwana Eustace, alikuwa amesoma chuo kimoja na marehemu, na habari za msiba alikuwa nazo. Alifika nami nikiwa kwenye baraza ya shule, nikifunga madebe.

"Haya, Modest," akasema kwa kejeli, "unanikumbuka?"

"Eustace! Bado unalala na viatu kama kule chuoni, usije ukaibiwa?"

Watoto wakaangua kicheko. Bwana Eustace akatafuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Gawanya robo tatu kwa nusu."

Chaki ikapanda, mkono wa kushoto. Ikasimama pale. Chaki ikaanguka, naye akaiokota kwa mkono wa kulia.

"Sijui," akasema, na sauti ilikuwa ya Anton. "Hilo hakuniambia."

"Pole, ndugu yangu," Bwana Eustace akajibu, bila kejeli sasa. "Anayetakiwa hapa ni mtu aliyesoma mwenyewe."

Akaletwa mwalimu mwenye cheti chake. Anton akarudi kwenye mizinga, akichonga kwa mkono wa kulia.

"Na kaka yako?" nikamuuliza.

"Nilimwambia tutoke wote. Hakutaka."

Nikadhani ni uchungu tu unaosema. Safari iliyofuata yule mwalimu mpya akanifuata hadi kwenye baiskeli.

"Mzee, wewe mwenyeji. Huyu anayekohoa kila nikigeukia ubao, ni mtoto wa nani?"

Nikakaza kamba za mzigo, nikaondoka. Tangu siku hiyo nikawa napitia njia ya porini, isiyogusa shule. Ilikuwa ndefu, ilikula matairi, lakini nilipita hiyo hiyo.