Mwiko wa karanga

Leo mchana nimevunja mwiko wa ukoo, nusura nimpoteze mwanangu.

Kwetu Gare karanga haziliwi. Bibi alisema wazee walikataza, basi.

Mimi mjuaji wa Lushoto mjini nikaona hayo yamepitwa na wakati. Nikaunga mchicha kwa karanga, nikampakulia binti yangu kabla sijaonja.

Vijiko vitatu tu, midomo ikavimba! Pumzi ikaanza kubana. Mbio hospitali.

Baada ya sindano akatulia. Daktari akanieleza: "Mama, kinga ya mwili wake inadhani karanga ni adui. Inapigana nazo, na vita hiyo ndiyo inayomvimbisha. Kuna mwingine kwenye ukoo?"

Nikampigia shangazi kijijini.

"Shikamoo shangazi. Huu mwiko wa karanga ulianzia wapi?"

"Marahaba. Ulianzia kwako. Ulivimba ukiwa mdogo, watu wakasema unadeka. Bibi yako akaukataza ukoo mzima karanga, usibaki peke yako."

Jamani, nyie miiko ya kwenu mmewahi kuiulizia?

Kabla ya kukata simu shangazi akaongeza: "Na alizipenda karanga huyo bibi yako, kuliko nyama!"

Kumbe. Ndiyo maana wageni wakimletea karanga, Bibi alizinusa kwanza, taratibu, ndipo akazirudisha.