Besi Iliyovutika

Juzi, mgahawani stendi ya Masasi, wapiga besi wawili walikuwa wakibishana. Bendi ya mmoja hutunga nyimbo zake, ya mwenzake hupiga kopi za Wazaire.

“Wewe kasuku tu!” alisema mtunzi.

“Kasuku mwaminifu! Redio ilimeza kanda yetu ya wimbo wao mmoja, ikavutika katikati. Nikifika pale, na mimi besi naivuta. Newala watu wanaucheza hivyo hivyo!” Akapinda mdomo, akavuta uzi wa hewani.

Punde redio ya kaunta ikaupiga wimbo huohuo, ule halisi, bila kuvutika popote. Mama muuza chai, mtu wa Newala, akasonya: “Hawa nao kukopi hawajui. Pale pa kuvuta wamepasahau!”

Mtunzi akainamia kikombe.

Soko huria limetuletea mitumba, hadi ya nyimbo. Ila kile kiraka cha kuvuta, jamani, tumekishona wenyewe.