Chaja Isiyobagua

Dukani, shangazi alimwaga soksi nzima ya betri kauntani, nene kwa nyembamba, za nikeli na za lithiamu. "Nipe chaja isiyobagua," akamwambia muuzaji. Tangu hapo huchaji kila siku, na hata taa ikigeuka kijani, haiamini mpaka aibandike betri shavuni kupima joto lake. Huku analalamika: redio ya jirani na mpira wake, ukuta kwa ukuta, itampasua kichwa! Jumapili, redio ikafifia, ikanyamaza. Shangazi akachomoa betri mbili, akatoka mbio, ndara moja ya bluu, nyingine nyekundu. Jirani alipofungua mlango tu, shangazi akamtia betri kiganjani. "Weka upesi, baba! Penalti yetu ilikuwa inapigwa!"