Kibuyu Changu Kiliwaliza Wazee wa Posa

Wadau, siku niliyoposwa mimi, wazee wanne walilia kwenye mkeka wa kwetu, na hakuna aliyefiwa.

Niliwaliza mimi, kwa mikono yangu hii miwili.

Kabla hamjaanza kunihukumu kwenye komenti, nipeni dakika mbili.

Naitwa Bishara. Nina hoteli ndogo hapa Garsen, kando ya barabara ya Lamu. Napika wali, mbuzi na chapati. Lakini wateja wangu, hasa madereva wa malori, mbuzi ni kisingizio tu. Wanafuata pilipili yangu.

Nachukua pilipili za kijani, zile ndefu. Nazichoma juu ya makaa mpaka ngozi ibabuke, namenya, nasaga na ndimu na chumvi. Basi. Dereva akila anatoa kofia, anafuta jasho, anaagiza chapati nyingine.

Shida ni msimu. Kule Bura mfereji ukiwa na maji, pilipili zinamwagika wiki chache tu. Msimu ukipita unauziwa tatu zilizonyauka, na muuzaji anakuangalia utadhani amekupa figo yake.

Mwaka jana nikasema imetosha. Nikanunua friza ya mtumba, nikampigia Martin, mkulima wa Bura.

"Martin, niletee magunia mawili ya pilipili."

"Mawili? Dada, unafungua kiwanda?"

"Wewe leta."

Akaleta Jumamosi asubuhi kwa pikipiki. Yeye mwenyewe huoni, unaona magunia yanakuja barabarani. Nikavunja pilipili moja, nikanusa, nikapiga chafya tatu. Hizo ndizo zenyewe.

Na lazima nizichome siku hiyohiyo. Joto la huku halina adabu, ukiliacha gunia siku mbili unakuta limeanza kutoa maji.

Sasa sikieni balaa. Jumamosi hiyohiyo ndiyo wazee wa Abdikarim walisema watakuja kuniposa.

Abdikarim ndiye moyo wangu, nisiwafiche. Miaka mitatu tumengoja. Baba yake alishafariki, kwa hivyo neno lote lilikuwa la baba yake mkubwa, Mzee Bule. Na Mzee Bule alikuwa hanitaki kabisa.

"Msichana wa hoteli," alishasema mbele za watu. "Kazi yake chapati za wapita njia. Hata kufukiza kibuyu hajui."

Kwetu Waorma hilo si tusi dogo. Kibuyu cha maziwa unakifukiza kwanza: unaingiza vijiti vya moto ndani, unafunika, unatikisa, unafuta masizi, ndipo unatia maziwa. Mgeni akipiga funda moja tu ameshajua nyumba hii ina mwanamke wa aina gani.

Asubuhi ile Abdikarim alinipigia, sauti imekwisha.

"Bishara, mzee akisema hapana, ni hapana. Siwezi kumpinga."

"Maziwa yangu yatamjibu," nikasema. Mdomo huu!

Saa nne niko nyuma ya nyumba, jiko linawaka, pilipili zinapasuka juu ya wavu. Maganda yanadondokea makaani, maji ya pilipili yanadondokea makaani, mbegu nazo. Nachoma, natia kwenye sufuria, nafunika zitoke jasho, namenya. Gunia moja likaisha.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Wewe! Wageni wameshafika hapo Minjila! Kibuyu kiko wapi?"

Wueh! Nikakurupuka. Vijiti vya kufukizia nilikuwa navyo, moto sina. Lakini si jiko lile pale linawaka? Moto ni moto.

Nikavichomeka kwenye makaa yale vishike, nikaviingiza kibuyuni, nikafunika, nikatikisa kwa bidii zote. Nikatafuta kitambaa cha kufutia. Kilichokuwa karibu ni kile nilichomenyea pilipili.

Nikafuta vizuri. Mpaka ndani kabisa, kwa upendo.

Wazee wakaingia watatu: Mzee Bule, Mzee Tadicha, na mmoja ambaye jina lake sijawahi kulishika mpaka leo. Baba akawakaribisha mkekani. Mimi nikaleta kibuyu, macho chini, nikakiweka, nikarudi nyuma ya pazia kuchungulia.

Mzee Bule akanusa kwanza. Akakunja uso. Halafu akapiga funda moja kubwa la mtu anayetafuta kosa.

Mashavu yakabaki yamejaa.

Kwetu maziwa hayatemwi. Ukiyatema mbele ya mwenyeji umetukana ng'ombe wake na wazee waliomrithisha. Mzee alilijua hilo. Nikamwona anameza. Shingo ikasimama, masikio yakabadilika rangi, na chozi likashuka taratibu mpaka ndevuni.

Akampa Mzee Tadicha kibuyu bila neno. Mzee Tadicha akanywa, naye machozi. Wa tatu akaona wenzake wanalia, akadhani ni utamu, akanywa mafunda mawili. Maskini.

"Umewapa nini?" Mama akaninong'oneza.

"Maziwa!"

Nikalamba kidole changu. Yallah! Nikajua nimekwisha. Ndoa imeenda, Abdikarim ameenda, na mwezi mzima Garsen yote itakuwa inanicheka.

Baba yangu naye ana moyo mwepesi. Alipoona wazee wazima wanalia kwake, akaguswa, akaanza kulia na yeye. Wallahi hakuonja hata tone!

"Ndugu zangu," akasema huku anapenga kamasi, "sikujua mnampenda binti yangu kiasi hiki. Haya, leteni neno lenu."

Mzee Bule akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Akafunga, akafungua tena. Hewa tupu.

Mzee Tadicha akainua mikono miwili juu. Alikuwa anaomba maji.

Baba akaona mikono imeinuliwa. "Dua! Al-Fatiha!" Akainua yake, akaanza kusoma. Nyumba nzima ikafuatia, Mama, majirani, hata mashangazi huko jikoni.

"Amin!"

Vigelegele vikapasua bati. Kwetu Fatiha ikisomwa, posa imekubaliwa. Nimeposwa hivyo.

Wageni walipoondoka nilirudi kwa gunia la pili. Nikazichoma, nikazimenya, nikazitandaza kwenye sinia zigande mojamoja, kisha nikazifunga kwenye mifuko. Friza ilijaa mpaka mfuniko ukakataa kufunga, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Juzi Mzee Bule alikuja kututembelea mimi na Abdikarim nyumbani kwetu. Amekula, ameshiba, akaniita niketi.

"Bishara mwanangu, wajua siku ile nilikuja kukataa?"

Nikaketi, macho chini.

"Maneno niliyapanga njiani, tangu tulipopita Wenje. Nilisema hapana mara tatu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka."

"Na baadaye, baba, sauti iliporudi?"

"Fatiha ishasomwa, nianze kuifuta?" Akatikisa kichwa. "Na pia nilikuona. Pazia lilifunguka kidogo, nikakuona unalia kuliko sisi sote. Nikajiambia, huyu anampenda kijana wetu kweli. Wacha amchukue."

Nikainamisha kichwa kwa heshima.

Ningemwambiaje? Kumpenda Abdikarim nampenda. Lakini siku ile nilikuwa nimejifuta jicho kwa mkono uliomenya gunia zima la pilipili.

Funzo, dada zangu: jiko la pilipili lisikaribie kibuyu, na nawa mikono kabla ya wageni. Na mkiona mzee analia mkekani kwenu, msikimbilie kuuliza sababu. Itikieni amin kwanza.