Mlango Uliopakwa Mafuta

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia harufu ya mafuta ya karanga. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami ni kijana mpiga picha hapa Tabora, nina kamera yangu na maringo yangu. Picha zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe tu, na mimi nilipenda kupiga mbao kuukuu kuliko kupiga watu: nyufa zake, mistari yake, ule ukijivu wa jua na mvua ya miaka mingi. Wenzangu walinicheka sana.

Baba yangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Babu alipofariki, baba hakupata ruhusa ya kuja kuzika, na jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba. Sasa mchwa walikuwa wameila nyumba ya babu kule Cheyo, hapa hapa Tabora, mlango na vyote, na kesho yake ingebomolewa. Baba alikuwa ameniletea ujumbe kwa mtu wa treni: nimpigie picha ya mlango kabla haujaanguka.

Babu alikuwa mpagazi wa misafara, pwani hadi Ujiji. Alipozeeka akawa anakaa mlangoni kila jioni, ameegemea mwimo wa mninga, ule ubao wa kando ya mlango, hata mbao ikalika na kushika umbo la bega lake. Baba hakutia udongo kaburini. Alitaka walau alione lile bega.

Nilipofika nilimkuta shangazi, dada yake baba, ameinama na kibuyu cha mafuta ya karanga, anausugua mlango. Mlango mzima unameremeta kama mtoto anayepelekwa kanisani Krismasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja wakati mzuri, ndiyo namaliza."

Ule ukijivu nilioufuata ulikuwa umezama. Jua lilikuwa utosini, mwimo umekuwa mweusi tii, bega la babu halionekani. Mwanangu, nilipandwa na hasira! Neno lilishafika kwenye meno. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kijana methali huisikia kwa sikio moja. Shangazi ndiye aliyeniwahi, wala hakuacha kusugua.

"Mtu hapigwi picha amepauka," alisema. "Kaka yangu asije akasema mlango wa baba ulipauka na mimi nipo."

Nikalimeza lile neno, likashuka chungu. Shangazi akanipa kigoda na bakuli la matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, nikawa natafuna kwa huzuni huku nikifikiri nitamwambia nini baba.

Alasiri jua likashuka, likaupiga mlango kwa ubavu. Hapo nikaacha kutafuna. Kila mstari wa mbao ulishika mwanga kwa yale mafuta, kila ufa ukabaki na giza lake, na pale kwenye mwimo bega la babu likatokea, utadhani ameinuka sasa hivi kwenda kunywa maji. Nikapiga picha. Nilipoisafisha na kuliona bega likijitokeza kwenye karatasi, nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibeba tangu adhuhuri.

Baba alipopata likizo alikuja na picha ile niliyomtumia, iko mfukoni, pembe zimekwisha kwa kushikwashikwa. Alimkuta shangazi anapeta mpunga.

"Dada, hata mlango umeupaka mafuta!" Akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Nilipouona unang'aa nikajua ni mikono yako. Nikasema, basi na baba yetu dada alimtunza hivi hivi. Nikalala usingizi."

Nilisogea kando, mwanangu. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa neno lile nililolimeza.

Kwa hiyo nakuusia: mtu akikuharibia jambo kwa mapenzi, usimkemee upesi. Kaa kwanza, kula alichokupa, ungoje jua ligeuke. Pengine hajaharibu kitu.

Mungu akupe ulimi mzito na macho yenye subira. Na siku utakapochakaa nawe, akupe mtu wa kukupaka mafuta.